Mama Mkwe Hazimwi

Wauza mahindi wa Kitai hawaogopi dirisha la basi. Ukilifungua kidogo upate hewa, hindi la kuchoma limeshafika kifuani kwako, na mkono uliolileta unasubiri hela. Nathanieli Chilongani, kijana mrefu wa Dodoma, afisa utalii aliyekuwa njiani kwenda kuripoti kituo kipya Mbamba Bay, alikuwa ameshanunua mahindi asiyoyataka na bado anauziwa mengine, ndipo dereva wa basi alipoikandamiza honi kwa hasira.

Mbele ya basi, katikati kabisa ya njia ya kutokea, lilikuwa limekwama gari. Pijo 404, pikapu, la tangu enzi ambazo kahawa ya Mbinga ilikuwa inanunua magari. Zamani rangi yake ilikuwa ya maziwa. Sasa ilikuwa ya chai ya maziwa. Nyuma, mtu alikuwa ameandika kwa brashi, herufi za kujikongoja: MAMA MKWE. Na pembeni ya mlango uliokuwa wazi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine hewani, alisimama msichana wa jinzi na shati la kitenge lililofungwa fundo kiunoni, kilemba cha njano kimelalia sikio moja, anaukaripia umati.

"Jamani, asubuhi mmekula nini? Wanaume wote hao mnakaa kumwangalia bibi wa watu anaaibika! Sukumeni!"

Wanaume wakacheka. Nathanieli akashuka. Alishuka na begi lake, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha begi. Alikuwa ameshahamishwa Kondoa, Newala na Tunduru, kila mara kabla hajazoea ladha ya maji ya mahali, na somo alilolipata lilikuwa moja: usifungue zipu yote.

Begi mgongoni, hindi mdomoni, akaegemeza mikono kwenye bodi na kusukuma. Wengine wakaona aibu, wakaungana naye. Mama Mkwe alikohoa, akatema wingu la moshi mweusi ambalo lote liliishia kwenye shati jeupe la Nathanieli, kisha akaunguruma. Njia ikafunguka. Dereva wa basi, ambaye hakuwa na muda wa kuhesabu vichwa, akapita kama mtu anayefukuzwa.

"Basi langu!" Nathanieli akapiga kelele. Hindi likaanguka.

Pijo lilikuwa linazunguka uwanja taratibu, likiwatawanya kuku. Likamfikia.

"Kaka, panda!"

"Simama basi nipande!"

"Sisimami! Nikisimama anazima, na akizima hawaki! Tupa begi, panda!"

"Begi silitupi!"

"Basi panda nalo, mume wa begi!"

Alikimbia pembeni ya gari hilo, watu wa Kitai wakimshangilia kama mpira, mpaka akapata pa kushika na kujirusha ndani. Magoti yakagonga dashibodi. Ndani kulinukia kahawa mbichi, samaki wa kukaushwa na marashi ya bei nafuu.

"Dafrosa Kapinga," msichana akasema, macho barabarani. "Nina mgahawa Mbinga pale karibu na stendi. Nashuka ziwani kufuata samaki. Wewe?"

"Nathanieli. Wa Dodoma."

"Ahaa. Kwenu si ndiko mvua mnaionea kwenye televisheni?"

"Inanyesha."

"Inanyesha, au inatangazwa?"

Nathanieli alikuwa anamtazama alivyokuwa akibadilisha gia kwa kiganja, kama mtu anayempapasa mbuzi mkaidi, na akahisi kitu ambacho kwa miaka mingi alikuwa anakikimbia kwa kupandishwa mabasi. Alijiambia ni njaa.

*

Ilikuwa kweli njaa, kwa sehemu. Dafrosa alipomfikisha Mbamba Bay alimpitisha kwanza kwa wachoma samaki, wakala mbasa aliyekaangika kwa mafuta yake mwenyewe juu ya makaa, kwa ugali wa muhogo na pilipili, huku Mama Mkwe ananguruma pembeni na mtoto wa mtu amelipwa soda ili akanyage mafuta asizime. Baada ya hapo kila wiki samaki walifuatwa. Wateja wa mgahawa Mbinga walianza kushangaa samaki wamekuwa wengi kuliko wali.

Siku ambazo hakushuka, simu ilifanya kazi.

"Umekula?" Dafrosa ndivyo alivyoanza kila simu.

"Nimekula."

"Nini?"

"Biskuti."

"Biskuti ni chakula cha mgonjwa na mwanafunzi. Wewe ni yupi?"

"Mgonjwa."

"Unaumwa wapi, baba?"

"Upande wa Mbinga."

Dafrosa alicheka mpaka wapishi wake jikoni wakagongana viwiko.

Lakini kicheko chake kilikuwa na mlango wa nyuma, na kila mara alikuwa amesimama karibu nao. Aliwahi kumpenda mwalimu wa Moshi. Mwalimu akahamishwa, akaahidi simu, akatuma kikatuni cha mkono unaopunga. Ndiyo maana siku ya kwanza Nathanieli alipomkaribisha chumba alichopanga, alichotazama Dafrosa hakikuwa picha ukutani. Alitazama begi. Lilikuwa kwenye kiti, limejaa, zipu imefunguliwa nusu. Godoro lilikuwa chini sakafuni. Kwenye meza kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja.

"Tunakulaje?" akauliza. "Tunapokezana?"

"Nitanunua nyingine."

"Lini?"

"Nikikaa."

Neno hilo lilimkaa Dafrosa kooni kuliko mwiba wa samaki. Alikula kwa sahani ile moja, upande wake na upande wa mwenzake, akajiambia kwamba moyo wake, kama gari la baba yake, usizimwe tu, basi.

Mama Mkwe ndiye aliyezaa maonyesho. Jioni moja Nathanieli alimwona mtalii mmoja amechuchumaa anapiga picha taa za Pijo kama anayepiga picha simba. Akafikiri: milima yote hii ya kahawa, mapadri wote hawa, wazee wote hawa waliouza kahawa enzi zile, magari yaliyolala chini ya mabanda ya mahindi ni mangapi? Akaandika, akapiga simu, akasumbua watu. Kiangazi kikafika, mvua zimekatika na kahawa imeanikwa, tangazo likabandikwa kutoka Mbinga hadi ziwani: Maonyesho ya Magari ya Zamani na Vyakula, uwanja wa mpira ufukweni, Jumamosi na Jumapili.

Wazee wakaitikia kuliko alivyotarajia. Na kabla magari hayajashuka mlima, malalamiko yalishashuka: majaji watanunuliwa kwa kitoweo. Mzee Leopold, mwalimu mstaafu aliyeteuliwa kuwa jaji, alisema waziwazi kikaoni kwamba yeye binafsi ananunulika kwa mguu wa kitimoto. Wakacheka, lakini Nathanieli, jaji mkuu, hakulala vizuri. Kesho yake akaweka kanuni: jaji asile wala asinywe kwa mshiriki yeyote mpaka washindi watangazwe.

"Mpenzi," akamwambia Dafrosa kwenye simu, "siku hizo mbili mimi na wewe hatujuani."

"Hatujuani kabisa?"

"Kabisa."

"Basi nitakutongoza upya," Dafrosa akasema, na akaendelea kukatakata vitunguu. Alidhani ni utani. Naye alikuwa na siri yake ya kupendeza, ambayo hakumwambia: alikuwa ameshamtaja kwa baba.

*

Jumamosi upepo wa mwera uliamka pamoja na watu. Uliyapiga mabendera ya plastiki, ukarusha kofia, ukachanganya harufu zote uwanjani mpaka mtu hakujua anatamani kipi: dagaa usipa wa kukaanga na nyanya, magimbi, kande, mishikaki, maandazi, togwa kwenye ndoo, kahawa ya Dafrosa ikichemka kwenye sufuria jeusi. Na katikati ya moshi huo, magari. Landrova ya parokia yenye tairi la akiba juu ya pua. Bedfodi lililobeba magunia mpaka likapinda mgongo. Folks ya kobe, ya kijani kama parachichi, ya Bi Beatha, mkunga mstaafu, ambaye alikuwa akiwaambia vijana wote wanaoigusa, "Ondoa mkono, wewe nilikuzalisha mimi." Watoto walipanda, wakashushwa, wakapanda tena. Wazee walifungua boneti na kuinama pamoja kama wanaosali.

Mama Mkwe alikuwa ameoshwa, amepakwa nta, amevalishwa utepe. Alitengenezwa kila kitu isipokuwa kuwaka. Stata yake haikupatikana Songea wala Makambako. Sasa aliweza angalau kusimama akiwa anaunguruma, lakini akizimwa, wa kusukuma watafutwe.

Dafrosa alivaa gauni refu la kitenge, jekundu kama kahawa iliyoiva, na raba nyeupe, kwa sababu hakuwahi kukubali viatu visivyoweza kukimbia. Nathanieli alimwona kutoka mbali, akajifanya anasoma namba ya Bedfodi. Tai ilimkaba. Tumbo lilimlalamikia. Mfukoni alikuwa na pakiti ya biskuti, imepondekapondeka.

Saa ya chakula, Mzee Pankras Kapinga alitandika turubai kivulini mwa gari lake.

Wamatengo wana sengu: ukoo unakula pamoja kwa mkubwa wao, kila nyumba inaleta chungu chake, na hapohapo maneno ya ukoo yanasemwa huku mkono uko kwenye ugali. Zamani ilikuwa ya wanaume. Mzee Pankras, aliyejaliwa mabinti watupu, aliipanua ikawa ya wote kwa sababu hakutaka kula peke yake. Siku hiyo aliishusha sengu yake mpaka ziwani. Mabinti wake walifika na vyungu vyao, waume nyuma yao, na dada yake mzee, shangazi Ottilia, ameshika birika na beseni la kunawisha. Dafrosa, wa mwisho na wa pekee asiyeolewa, alikuwa anachezesha mguu kama cherehani.

Wote walijua sengu hiyo ilikuwa ya nini. Pijo hilo lilikuwa limepeleka ukweni kila bibi harusi wa kilima chao, ndipo likapewa jina. Amebaki mmoja.

Nathanieli na Mzee Leopold wakafika na kalamu zao.

"Kijana," Mzee Pankras akaita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari zako nimezisikia, na zilinifurahisha. Kaa. Nawa."

Shangazi Ottilia akasogea, akainamisha birika. Maji ya kwanza yakagusa vidole vya Nathanieli.

Akarudisha mikono.

Nyuma yake Mzee Leopold alikuwa amekodoa macho, kalamu mkononi. Bi Beatha naye alikuwa ameinua shingo kutoka kwenye Folks yake. Nathanieli alisikia harufu ya mbasa, akasikia tumbo lake likitaja jina la mbasa huyo, na akasema sentensi ambayo kichwani mwake ilikuwa na maelezo marefu, lakini mdomoni ilitoka uchi:

"Samahani sana, mzee. Mimi hapa siwezi kula."

Mwera uliendelea. Watu waliacha kufungua vyungu.

"Huwezi kula hapa," Mzee Pankras akarudia polepole. "Unaumwa?"

"Hapana, mzee."

"Dini yako inakataza samaki?"

"Hapana, mzee."

"Basi nenda salama, baba."

Kwenye nyumba ile mtu aliyemiminiwa maji akarudisha mikono amemaliza kusema, na haitwi mara ya pili. Nathanieli hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba amekuwa mwadilifu, na kwamba uadilifu una ladha ya biskuti iliyopondeka. Kwa kuchanganyikiwa, badala ya kuondoka alitoa futikamba, akapima bodi la nyuma la Pijo, urefu na upana, akaandika. Gari jingine lolote hakulipima.

Dafrosa aliyaona yote. Mguu wake ulikuwa umetulia.

Simu ya Nathanieli ililia akiwa nyuma ya Landrova ya parokia.

"Umekula?" sauti ikauliza.

"Dafro, sikiliza..."

"Nimekuuliza umekula?"

"Sijala. Ni sheria. Jaji haruhusiwi..."

"Sheria aliiandika nani?"

Nathanieli alichora mstari kwenye vumbi la Landrova.

"Nani, Nathanieli?"

"Mimi."

"Basi umejua kuandika kila kitu isipokuwa kuniambia mimi."

"Nilikwambia hatujuani!"

"Nilidhani unanitania! Mtu akikwambia hatujuani huku anakuita mpenzi, utaelewa nini? Baba yangu kaita ukoo mzima. Dada yangu mkubwa katoka Tingi na sufuria ya kande kichwani. Shangazi kakumiminia maji, na mgongo wake ule! Wewe unarudisha mikono kama umemwagiwa mkojo."

"Na wewe ungeniambia kwamba baba..."

"Nilitaka ufurahi!"

"Nilifurahi! Kwa ndani."

"Kwa ndani." Alivuta pumzi. "Devotha wa ofisini kwenu amenunua kahawa kwangu sasa hivi. Ananipa hongera. Uhamisho wako wa Dodoma umetoka. Kweli, si kweli?"

"Kweli, lakini..."

"Ulikuwa unaniambia lini? Ukishapanda basi?"

"Juzi tu nimepigiwa! Nilitaka kwanza..."

"Sahani moja," Dafrosa akasema. "Nilikula kwenye sahani moja nikajiona nadekezwa."

Simu ikazimwa. Ndicho kitu pekee Dafrosa alichokuwa anakizima bila wasiwasi.

Jioni hiyo Nathanieli alipiga tena na tena, akapata yule mama wa mtandao mwenye sauti ya upole anayesema mteja hapatikani. Alitembea ufukweni, akarudi, akatembea. Alipita kwa Sixtus, fundi seremala, wakaongea muda mrefu, akamwachia kitu, akaondoka mikono mitupu, haelewi aiweke wapi. Dafrosa naye, kwa dada yake, alifua nguo zilizo safi.

*

Jumapili matokeo yalisomwa baada ya misa. Nathanieli alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa mekundu.

Folks ya Bi Beatha ikashinda. Bi Beatha hakushangaa. Landrova ya pili, Bedfodi la tatu. Mama Mkwe hakuambulia kitu: kulikuwa na alama za gari kuwaka lenyewe, na hapo Mama Mkwe alipata sifuri ya halali kabisa.

"Alikupima mpaka tumbo," Dafrosa akaliambia gari, akifunga turubai kwa hasira, "akakuona hufai. Twende nyumbani, mama."

Mzee Pankras alipanda mbele. Shangazi Ottilia na wengine wakapanda nyuma pamoja na masufuria yenye mabaki. Vijana wa timu ya mpira wakasukuma, Mama Mkwe akakohoa, akawaka, akaanza kuambaa na mstari wa goli kuelekea barabara ya Mbinga.

Nathanieli alikuwa bado anatoa shukrani kwa wageni waalikwa. Akaona kilemba cha njano kikipita nyuma ya umati. Akamkabidhi Mzee Leopold kipaza sauti katikati ya sentensi, akaruka kamba, akakimbia. Viatu vya ofisini vilijaa mchanga. Tai ilipepea begani. Kipaza sauti, mkononi mwa Mzee Leopold, kikauliza uwanja mzima, "Huyu anakwenda wapi?"

Akalifikia dirisha la dereva.

"Dafro! Simama!"

"Sisimami!"

"Sasa anaweza kusimama, nimemwona jana!"

"Yeye anaweza. Mimi ndiye siwezi!"

"Shikamoo, mzee!" Nathanieli akasema akihema, maana mzee alikuwa kiti cha pili na adabu ni adabu.

"Marahaba," Mzee Pankras akajibu, akitazama mbele.

"Mzee, jana sikukataa chakula chako! Nilikuwa jaji! Nilijiwekea sheria ya kijinga, nikaona aibu kuivunja mbele za watu, sikuona aibu kuivunja nyumba yako. Naomba radhi!"

"Na Dodoma?" Dafrosa akauliza. Alikanyaga mafuta kidogo, makusudi.

"Nimewaambia... siendi!"

"Wamekubali?"

"Sijui! Bado hawajajibu!"

"Kwa hiyo wanaweza wakakuhamisha hata kesho!"

"Wanaweza!"

Angalau hakudanganya. Dafrosa akamtazama kwa mara ya kwanza, akaona shati limelowa, midomo mikavu, mikono miwili ikipiga hewa. Mikono miwili. Mgongo mtupu.

"Begi lako liko wapi?"

"Nimempa Sixtus!"

"Sixtus seremala? La nini?"

"Awekee randa zake! Ni malipo ya mwanzo!"

"Ya nini?"

Nathanieli hakuwa na pumzi ya kupamba maneno.

"Kitanda!"

Nyuma ya pikapu wanawake wakalipuka. "Mungu wangu, kitanda! Mbele ya baba mtu!" Shangazi Ottilia akaziba uso kwa khanga, mabega yakitikisika.

"Kitanda cha mninga," Nathanieli akaendelea, sasa hana cha kupoteza, "cha kufungua na kufunga! Nimekipima... jana... kiingie kwenye bodi la Mama Mkwe! Wakinihamisha, tunakipakia, tunakwenda nacho! Popote! Siwezi kukuahidi Mbamba Bay, Dafro, mimi si mwenye ofisi! Nakuahidi kitanda!"

Basi futikamba ile ilikuwa ya kitanda.

Dafrosa aliendesha kidogo. Ziwa lilikuwa upande wa kushoto, limekunjamana kwa upepo, mbele ni barabara ya mlimani, na chini ya miguu yake injini iliyomfundisha tangu utotoni kwamba heri kuzunguka kuliko kusimama. Alimfikiria mwalimu wa Moshi na mkono wake wa kikatuni. Alisikia Nathanieli ameanza kubaki nyuma, pumzi zinamkatika, na bado anakimbia.

Akakata ufunguo.

Mama Mkwe alitetemeka mara ya mwisho, akanyamaza. Ghafla yakasikika mawimbi, na maandazi yakikaangika kwenye mafuta ya mtu.

Mzee Pankras akageuka polepole.

"Umemzima."

"Ndiyo, baba."

"Nani atamsukuma mlima wote huu?"

"Huyo hapo."

Mzee akashuka, akakunja mikono mgongoni, akamtazama kijana aliyekuwa ameinama, ameshika magoti, anatafuta hewa. "Maneno yako nimeyasikia," akasema. "Lakini mimi simwiti mtu kula mara mbili. Baba yangu hakuita, na mimi sitaita."

Mabinti wakatazamana. Hilo hata Dafrosa hakuwa na la kulifanya.

Nathanieli akajinyoosha. Alizunguka nyuma ya gari, akaomba kwa mikono miwili, na shangazi Ottilia, baada ya kumwangalia kwa muda, akampa birika na beseni. Akaja navyo mbele ya mzee. Akapiga magoti kwenye mchanga, suruali ya ofisini na yote, akainamisha birika.

"Nawa, baba," akasema.

Kwa Mzee Pankras, mgeni hunawishwa. Anayewanawisha wenzake ni mtoto wa nyumba ile, na mtoto haitwi kula; anakula kwa sababu ni kwao. Kama Nathanieli alilijua hilo au njaa ndiyo iliyomwelekeza, hakuna aliyewahi kuuliza. Maji yalining'inia kwenye mdomo wa birika. Mzee aliyatazama.

Kisha akanyoosha mikono.

Turubai likafunguliwa upya palepale kando ya barabara. Nathanieli alimnawisha mzee, shangazi, mashemeji, wa mwisho Dafrosa, ambaye alimrushia matone usoni. Ugali ulikuwa wa jana, kande imelala, mbasa amebaki kichwa na mkia. Nathanieli alikula vyote. Alikula kichwa, akafyonza mifupa, akafuta sufuria kwa tonge, akaomba togwa.

"Masikini," shangazi Ottilia akamnong'oneza kaka yake. "Kumbe mtoto alikuwa na njaa tu."

"Kula, baba," Mzee Pankras akasema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Tutaongea habari ya kitanda ukishiba. Na cha kwanza, mshenga wako asiwe huyo Leopold."

Dafrosa alimsogelea, bega kwa bega. "Umekula?"

"Nimekula."

"Sahani je, bado ni moja?"

"Bado ni moja."

"Usinunue. Nitakuja na zangu."

Jua lilipoanza kuinamia ziwa, familia ikapanda. Nathanieli akaenda nyuma, akaweka viganja kwenye herufi zile za kujikongoja, akasukuma. Mama Mkwe akakohoa, akatema wingu lake lote kwenye shati jeupe, akaunguruma na kuondoka. Akakimbia pembeni. Dirishani Dafrosa alikuwa anacheka mpaka kilemba kimeanguka.

"Simama nipande!"

"Sisimami!" akapiga kelele, akafungua mlango. "Panda hivyohivyo!"